Chomeka Kwanza, Punguza Baadaye

Wadogo zangu, wiki hii maswali ya wachumba yatasubiri. Nyie mnaosoma kompyuta mmenijazia ujumbe, na mwingi unauliza kitu kilekile: nimepakua keneli ya Linux, nimeandika make menuconfig, nimekuta machaguo hayana mwisho, dada, nianzie wapi?

Tuanzie kwenye sababu yako. Kama unataka kujenga keneli kwa kuwa laptopu imekuwa nzito, acha, utapoteza bando na usingizi. Keneli inayokuja na Ubuntu au Debian imejaa moduli za vifaa usivyonavyo, kweli, lakini hizo zimelala tu kwenye diski. Hazipandi kwenye RAM mpaka kifaa chake kionekane. Kinachokumalizia RAM ni kivinjari chenye tabo thelathini, na dawa yake unaijua. Lakini kama unataka kuelewa mashine inavyofanya kazi kwa ndani, au una mradi wa chuo, au unahitaji draiva ambayo watengenezaji wa mfumo wako waliiacha, au unahangaika na bodi ndogo ya Raspberry Pi, basi vuta kiti.

Usianzie sifuri. Machaguo ya keneli ya leo yanapita elfu kumi, na hakuna binadamu anayeyajua yote, hata Linus Torvalds aliyeianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Mashine yako inayowaka sasa hivi tayari ina majibu yanayoifaa. Yapo kwenye /boot, katika faili linaloanza na config na kumalizikia na toleo la keneli unayotumia. Linakili uliite .config ndani ya folda ya keneli mpya, kisha andika make olddefconfig. Maswali yaliyozaliwa baada ya toleo lako yatajibiwa kwa majibu ya kawaida, na wewe utaingia kwenye menyu ukiwa tayari una kitu kinachofanya kazi. Kama mfumo wako hauweki faili hilo kwenye /boot, angalia /proc/config.gz. Na tafadhali, usiandike make config tupu. Ile ni njia ya zamani, inauliza swali moja moja kwa foleni, ukikosea la mia tatu huwezi kurudi nyuma kulirekebisha. Sijui nani bado anaipenda.

Ndani ya menyu kuna majibu matatu. Y maana yake kitu kinaingia ndani ya keneli yenyewe, kinawaka nayo. M kinakuwa moduli, kinaitwa kikihitajika. N hakijengwi kabisa. Ukiona mabano ya mraba, hapo ni Y au N tu; ukiona mabano ya pembe, M nayo inaruhusiwa. Ukiona alama isiyokubali kubadilika hata ubonyeze vipi, si menyu imeharibika. Kuna chaguo jingine limelilazimisha hilo liwepo. Bonyeza / uandike jina lake, utaonyeshwa linategemea nini na nani kalivuta. Wengi mnaolalamika kwamba "chaguo halipo" mngepata jibu hapohapo: lipo, ila kinachotangulia hakijawashwa, kwa hiyo limefichwa. Bonyeza z uone yaliyofichwa.

Kila chaguo lina maelezo, bonyeza ?. Mara nyingi sentensi ya mwisho inakuambia mwenye shaka ajibu nini. Itii. Walioandika yale maelezo ndio walioandika draiva.

Sasa nifike kwenye linalowaliza wengi.

Kuna amri inaitwa make localmodconfig, iliyoingia kwenye keneli mwaka 2009, na ni tamu kweli. Inasoma lsmod, yaani orodha ya moduli zinazotumika dakika hiyo, kisha inazima moduli zote zilizobaki. Kazi ya kujenga iliyokuwa imeze saa kadhaa kwenye laptopu ya kawaida inapungua mno. Kila anayeijaribu mara ya kwanza anaipigia makofi. Tatizo ni kwamba inafanya kazi kama kijana wa mkokoteni uliyemwambia ahamishe vyombo: anabeba anavyoviona sebuleni, vya stoo hana habari navyo.

Unajenga saa nne usiku, uko kwenye Wi-Fi ya hosteli, hakuna kilichochomekwa zaidi ya chaja. Keneli mpya inawaka vizuri, unaposti picha ya skrini. Kesho yake Wi-Fi haipo, unachomeka simu kwa waya ili utumie bando lake, kimya. Moduli ya rndis_host haikuwa kwenye orodha kwa sababu jana hukuihitaji. Modemu ya Huawei nayo vivyo hivyo, kulingana na aina yake inataka option, cdc_ether au huawei_cdc_ncm. Na bila intaneti, hata kupakua suluhisho huwezi.

Kwa hiyo kabla ya localmodconfig, zunguka chumba. Chomeka simu na uwashe matumizi ya intaneti kwa USB. Chomeka modemu, printa, kisoma kadi, kebo ya projekta. Washa Bluetooth na VPN yako, na Docker kama unaitumia, maana ina moduli zake za mtandao. Flashi usiichomeke tu, ifungue uone mafaili yaliyomo. Hapo ndipo moduli ya vfat au exfat inapoamka, pamoja na zile ndogo za herufi kama nls_cp437 ambazo zikikosekana flashi inaonekana lakini haifunguki, na utailaumu bure. Kama kuna kitu huwezi kukipata siku hiyo, azima cha rafiki. Ikishindikana, kuna njia ya kuilinda folda nzima isiguswe: LMC_KEEP="drivers/usb:fs" make localmodconfig. Keneli itanenepa kidogo, na inenepe tu.

Amri hiyohiyo inasaidia pia mwenye mashine dhaifu. Chukua lsmod ya laptopu yako uihifadhi kwenye faili, nenda nalo kwenye kompyuta yenye nguvu ya maabara pamoja na ile config yako, uielekeze amri kwa LSMOD= na njia ya faili, ujengee kule.

Jingine la kuogopa ni diski yenyewe. Keneli lazima iweze kuisoma diski yenye mfumo wako kabla ya kitu kingine chochote. Kama unatumia initramfs, yaani faili la mwanzo linalopakiwa pamoja na keneli, M inatosha, kwa kuwa moduli zinabebwa humo. Kama umeamua kuiacha, basi draiva ya diski, iwe NVMe au AHCI, na mfumo wa mafaili kama ext4 viwe Y. Ukikosea utakutana na skrini inayosema VFS: Unable to mount root fs. Hapo diski haijafa, usikimbilie kwa fundi. Zima, washa, ingia kwenye menyu ya GRUB uchague keneli ya zamani. Ndiyo maana nasema keneli ya zamani haifutwi mpaka mpya ikae siku kadhaa bila vituko. Na mpya ipe jina kupitia CONFIG_LOCALVERSION, tuseme -jaribio, ili uname -r ikuambie bila ubishi umewasha ipi.

Watumiaji wa Ubuntu na Debian, hii ni yenu. Config mliyonakili inataja vyeti vya saini ambavyo nyie hamna, na ujenzi utakwama ukilalamikia faili la .pem. Andika scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS "" na urudie hivyohivyo kwa SYSTEM_REVOCATION_KEYS, kisha make olddefconfig tena. Hiyo scripts/config ni bora kuliko kufungua .config kwa kihariri, lakini nayo haikagui utegemezi, ndiyo maana olddefconfig haikwepeki. Chaguo ulilolipachika bila kinachotangulia litafutwa kimyakimya.

Mkiwa mmeshafika hapo, zimeni taarifa za utatuzi: kwenye Kernel hacking, chagua DEBUG_INFO_NONE. Mifumo mikubwa inaziwasha kwa sababu zake, ila kwako folda ya ujenzi inaweza kupita gigabaiti 20, na diski ya SSD ya gigabaiti 128 italia. Usipozizima, angalau weka INSTALL_MOD_STRIP=1 wakati wa make modules_install, la sivyo patisheni ya /boot itajaa kwa initramfs moja. Secure Boot nayo, kama imewashwa, itaikataa keneli uliyojenga mwenyewe kwa kuwa haina saini inayotambulika. Ama uisaini na kukisajili cheti chako cha saini kwa mokutil, ama uzime Secure Boot. Kwa anayejifunza, kuzima kwa muda si dhambi, ila kwa laptopu ya kazini muulize kwanza mwenye mali.

Kuhusu RAM. Wenye gigabaiti 4, make -j$(nproc) inaweza kuwabana hasa mwishoni, wakati vipande vyote vinaunganishwa. Tumia -j2, nenda kapike.

Na yule aliyeniuliza umeme ukikatika katikati atafanyaje: usiandike make clean, hapo ndipo utakapopoteza vyote vilivyokwisha kujengwa. Umeme ukirudi, futa kwanza faili tupu zilizoachwa na mzimiko, find . -name '*.o' -size 0 -delete, halafu rudia amri ileile ya make. Itaruka yaliyokwisha kujengwa na kuendelea na yaliyobaki.