Lipa na M-Pesa Kwenye Tovuti Yako: Majaribio Kabla ya Mteja wa Kwanza

Kwa mfanyabiashara wa River Road na mitaa ya karibu, na kwa fundi anayemtengenezea tovuti

Mwenye duka la jumla la vipodozi pale Dubois Road, karani wa basi Accra Road na muuza spea wa Kirinyaga Road wote wanaweza leo kumuuzia mtu aliye Kangemi au Kisii bila mtu huyo kukanyaga mjini. Njia imefunguliwa na M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, na huduma ya Lipa na M-Pesa iliyofuata mwaka 2013. Lakini kwa muda mrefu malipo na tovuti havikujuana. Mteja alilipa kwa simu, akaandika namba ya muamala kwenye fomu, kisha mwenye duka akaitafuta katika jumbe zake. Katika mwanya huo ndimo wanamopita matapeli wa jumbe za kughushi: ujumbe unafanana na ule wa M-Pesa hadi nukta ya mwisho, mzigo unapakiwa, na jioni hesabu haitimii.

Mwaka 2017 Safaricom ilizindua Daraja, mfumo unaoiwezesha tovuti kuiuliza M-Pesa yenyewe kama pesa zimeingia. Daraja ina sehemu mbili zilizotenganishwa, ya majaribio na ya kazi halisi. Kijitabu hiki kinahusu hasa ile ya majaribio, kwa sababu ndiyo inayopitwa kwa haraka: malipo yanajaribiwa mara moja, yanafaulu, tovuti inafunguliwa kwa wateja. Malipo yaliyofaulu hayakufundishi mengi. Akaunti ya majaribio ipo ili uone tovuti yako inafanya nini malipo yanapokwama.

Kufungua akaunti

Huhitaji leseni, wala till, wala safari ya Safaricom House kule Waiyaki Way. Ingia developer.safaricom.co.ke, jisajili kwa barua pepe, kisha unda programu ndani ya akaunti yako na uchague huduma utakazojaribu. Utapewa funguo mbili, mmoja wa kujitambulisha na mwingine wa siri. Kwa funguo hizo tovuti huomba kibali cha muda, na kibali hicho huisha baada ya saa moja. Fundi akikihifadhi na kuendelea kukitumia bila kuomba kingine, tovuti itafanya kazi mbele yako asubuhi na kugoma kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo jaribio la kwanza lisiwe la dakika kumi. Iache tovuti, rudi baada ya saa mbili, ujaribu tena.

Namba ya biashara ya majaribio ni 174379. Inatumiwa na kila anayejaribu, hivyo haina siri. Weka namba yako ya Safaricom, kiasi cha shilingi 1, utume. Ombi la PIN litatokea kwenye simu yako. PIN huandikwa hapo kwenye simu na si kwingine kokote. Tovuti yenye nafasi ya kuandikia PIN ya M-Pesa ni ya wizi, hata ikiwa na nembo zote.

Kinachowasumbua wengi wanaoanza ni jibu. M-Pesa hulituma kwenye anwani uliyoitaja katika ombi, na anwani hiyo lazima ifikike kupitia intaneti na ianze na https. Kompyuta iliyo mezani dukani haifikiki hivyo. Ombi litaenda, PIN itaitishwa, na jibu halitaonekana. Kodi seva ndogo kabla ya kuanza kulaumu mtandao.

Jaribu kukwama

Anza na mteja anayeghairi. Ombi la PIN likitokea, lifute. Jibu litakuja na namba 1032. Tovuti imwambie mteja kwa lugha anayoielewa kwamba hajalipa na kwamba bidhaa alizochagua bado zipo. Kisha zima simu kabla ya kutuma ombi: namba 1037, simu haikupatikana. Namba 1 ni salio lisilotosha, na 2001 ni PIN iliyokosewa. Ni 0 pekee inayomaanisha malipo yamekamilika, na kila namba nyingine inahitaji maneno yake kwa mteja.

Ofisi za mabasi zikae hapa muda mrefu kuliko wengine. Abiria anachagua kiti namba 7 cha kwenda Kisumu, ombi la PIN linatokea, mtandao unapotea. Je, kiti kimeuzwa? Tovuti ikisema hapana, abiria wa pili atakinunua; jibu la yule wa kwanza likichelewa na kufika baadaye, saa tatu usiku watu wawili wenye risiti halali watasimama kwenye mlango mmoja. Tovuti ikisema ndiyo, huenda basi likaondoka na kiti kitupu. Linalofaa ni kukishikilia kiti kwa dakika chache, na katika muda huo tovuti iiulize Daraja hali ya muamala kwa kutumia namba ya ombi iliyopewa mwanzoni. Huduma hiyo ya kuuliza ipo, hata katika sehemu ya majaribio. Mwambie fundi akuonyeshe ikifanya kazi. Asipoweza, kazi haijaisha.

Wateja huandika namba zao kila mmoja kwa mtindo wake: 07, +254, nafasi katikati. Daraja inataka 254 mwanzoni bila alama ya kujumlisha, na ni kazi ya tovuti kurekebisha. Jaribu pia namba zinazoanza na 01. Fomu iliyoandikwa kukubali 07 tu inamfukuza mteja mwenye pesa mkononi. Kiasi nacho hutumwa bila senti. Bidhaa ya shilingi 235 ukiiongezea VAT ya asilimia 16 inafika 272.60, basi amua mapema kama utapunguza au utapandisha, na bei ileile ionekane kwenye risiti. Wauzaji wa jumla wakumbuke kwamba tangu Agosti 2023 muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000. Oda ya 300,000 haitapita. Tovuti iseme hivyo mapema na kumwelekeza mteja benki, kuliko kumwacha abonyeze na kubonyeza.

Na kwa kuwa atabonyeza tena na tena, bonyeza wewe kwanza. Oda moja isitoe maombi matatu, na jibu lilelile likifika mara mbili lisitoe mizigo miwili.

Jibu la uongo

Anwani ya kupokea majibu iko wazi kwenye intaneti. Anayeijua anaweza kutuma jibu lenye namba 0 bila kulipa chochote. Ni ule utapeli wa ujumbe wa kughushi, ila sasa unailenga kompyuta badala ya karani. Mwombe fundi atume jibu la uongo yeye mwenyewe wakati wa majaribio. Tovuti iliyotengenezwa vizuri italikataa: italinganisha namba ya ombi na ile iliyohifadhi, kisha itaiuliza Daraja kabla ya kuandika kwamba oda imelipwa. Ilinganishe pia kiasi. Mjanja anaweza kubadilisha bei kwenye ukurasa uliofunguka kwake, akalipa shilingi 1 kwa simu ya shilingi 18,000 ya Luthuli Avenue, na malipo hayo yakawa ya kweli kabisa.

Kuhamia kazi halisi

Hapa ndipo unapohitaji Paybill au till iliyosajiliwa kwa biashara yako. Anayetumia till ajihadhari: ombi hutaka namba mbili, ya till yenyewe na ya duka ambamo till hiyo imesajiliwa, na zikichanganywa hakuna malipo yatakayopita. Maombi ya kuhamia hufanywa kwenye tovuti ileile ya Daraja, kwa jina la msimamizi wa akaunti yako ya M-Pesa ya biashara.

Jina hilo na funguo mpya za kazi halisi ni mali yako. Akaunti ya Daraja ifunguliwe kwa barua pepe ya duka, si ya fundi, hata kama fundi ni mpwa wako. Wakikosana watu, funguo zikibaki kwake, duka halina malipo. Nawe fundi, usiandike funguo ndani ya ukurasa unaofunguka kwa mteja, wala usizipandishe GitHub. Namba za wateja nazo zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kwa majaribio tumia yako na za wenzako waliokubali.

Siku ya kufungua, lipa mwenyewe kiasi kidogo na uhakikishe kimeonekana kwenye taarifa ya akaunti. Na ewe mwenye duka, usimalizie kumlipa fundi kabla hujaona, kwenye simu yako mwenyewe, malipo yaliyoghairiwa, yaliyochelewa na ya uongo yakishughulikiwa inavyostahili.