Mgonjwa wa Masikio na Maneno ya Mganga

Mgonjwa wa tumbo asipofahamu neno aliloambiwa hospitalini, huuliza tena. Mgonjwa wa masikio hawezi kwa urahisi hivyo, kwa kuwa ugonjwa wenyewe umeuziba mlango ambao maneno ya mganga yangepita. Huona haya kusema "Sikusikia" mara ya tatu. Basi huitikia kwa kichwa, akarudi kwake na dawa asiyojua matumizi yake.

Waganga hupima usikivu kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mzee akiambiwa kwamba amepungukiwa na desibeli 50, ameambiwa kweli, lakini hakuambiwa kitu. Afadhali aambiwe, "Mzee, mtu akisema nawe kutoka upande wa pili wa chumba, hutayapata maneno yake vizuri. Akikaribia na kukutazama usoni, utamfahamu zaidi." Hayo mzee ayajua nyumbani kwake. Vivyo hivyo kiwambo cha sikio: ni ngozi nyembamba iliyowambwa ndani, mfano wa ngozi ya ngoma. Sauti huipiga ikatetemeka, na vifupa vitatu huupeleka mtetemo huo hadi sikio la ndani. Nani hajui kwamba ngoma iliyotoboka hailii vema?

Sasa fikirini mama mwenye mtoto ambaye sikio lake limetoka usaha kwa majuma mawili au zaidi. Aambiwa, "Kausha sikio mara tatu kila siku, kisha tia dawa." Neno "kausha" laonekana jepesi, lakini mama mmoja atapangusa nje tu, mwingine ataingiza pamba na kuiacha humo, mwingine atamimina mafuta ya moto, na huyo atadhuru. Yafaa aonyeshwe kwa mkono. Atwae kitambaa safi, laini, chenye kunyonya maji, akisokote kama utambi wa taa, akitie sikioni, akitoe kikilowa, atwae kingine, hata kitoke kikavu. Ndipo adondoshe dawa. Asiache kitu ndani ya sikio.

Akikosea, usaha waweza kuendelea miezi mingi na usikivu ukapungua. Mtoto asiyesikia huchelewa kusema, na shuleni huitwa mvivu, naye hana uvivu wo wote. Mara chache ugonjwa hupenya hata mfupa ulio nyuma ya sikio, au ubongo. Katika mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na kwamba kwa watoto karibu 60 katika kila 100 sababu zake zingeweza kuzuiwa.

Swali "Umeelewa?" halina faida kubwa, maana watu wote hujibu "Ndiyo." Mwuguzi mwenye busara husema, "Mama, nionyeshe utakavyofanya ukifika nyumbani." Akikosea, hakemewi, mwuguzi hueleza upya kwa njia nyingine. Tena humwelekea mgonjwa penye mwanga, hafuniki kinywa, wala hapigi kelele, kwa kuwa kelele huharibu umbo la maneno. Wako wanaozungumza na kijana aliyemleta mzee, kana kwamba mzee ni mzigo; hiyo si adabu, wala si matibabu.

Kwa asiyejua kusoma, picha zatosha: mkono usokotao kitambaa, kitambaa sikioni, matone yakidondoka, na chini yake jua likichomoza, jua la utosini, na jua likitua, apate kujua kwamba ni mara tatu.