SOMO LA KIKUNDI: BINTI ALIYEMWANDIKIA MAMA YAKE



Nikitembelea vikundi, neno moja nalisikia kila mara kwa akina mama: "Tangu aende shule ya bweni, akinitafuta ni pesa tu." Leo tuangalie binti mmoja wa Marekani na mama yake, halafu tujadiliane.

Ellen Swallow alizaliwa mwaka 1842 huko Dunstable, jimbo la Massachusetts. Alikuwa mtoto pekee. Wazazi wake walikuwa walimu na wakulima, na baadaye baba alifungua duka. Ellen aliuza dukani, akafanya kazi za nyumbani na kumuuguza mama, ambaye afya yake haikuwa nzuri. Alitamani sana kusoma zaidi, lakini karo haikuwepo. Kwa karibu miaka miwili alivunjika moyo kabisa. Hata hivyo alifundisha, akafanya vibarua vya usafi, akaweka akiba hadi ikafika dola 300.

Mwaka 1868, akiwa na miaka 25, aliingia Vassar, chuo cha wasichana katika jimbo la New York. Hebu fikirieni huyo mama: mgonjwa, mtoto ni mmoja tu, naye anaondoka. Kilichowaunganisha ni barua. Ellen alieleza masomo yake na maisha ya chuoni, na mama, aliyewahi kuwa mwalimu, aliyafuata kutoka nyumbani.

Alipomaliza Vassar mwaka 1870, alikubaliwa katika chuo cha teknolojia cha MIT, mjini Boston, ambako hakukuwa na mwanamke mwingine. Hakutozwa karo. Alidhani wamemhurumia. Kumbe wakubwa walitaka waweze kusema kwamba yeye si mwanafunzi wao kamili! Aliwaandikia wazazi kwamba anafagia maabara, anashona vilivyochanika na kufunga vidole vilivyoumia, na hivyo wanaume wamemzoea. Barua kama hiyo haiombi kitu. Inamwonyesha mzazi mtoto wake anaishi vipi.

Mwaka 1871 baba alifariki. Ellen hakuacha masomo, wala hakumwacha mama. Mwaka 1873 alihitimu, mwanamke wa kwanza kupata shahada pale. Baadaye alipima maelfu ya sampuli za maji ya jimbo lake, kazi iliyosaidia kuweka viwango vya maji safi.

Tunajifunza nini?
1. Umri wa miaka 25 si kuchelewa. Akiba ya kidogo kidogo hufungua mlango.
2. Kumruhusu binti aende ni mchango, hata kama mfukoni hakuna kitu.
3. Mtoto akieleza maisha yake, mzazi naye anasoma pamoja naye.

Maswali ya kujadiliana
1. Mara ya mwisho ulipoongea na mtoto wako aliye shuleni, mliongea nini zaidi ya pesa?
2. Je, katika kijiji chetu kuna msichana aliyekata tamaa ya kusoma? Kikundi kinaweza kumfanyia nini mwaka huu?

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amwandikie mtoto wake barua, au ampigie simu, bila kutaja karo. Asiyejua kuandika asaidiwe na mwenzake.