Dondoo muhimu: Kuzuia matangazo kwenye LineageOS

LineageOS yenyewe haina matangazo, lakini tovuti na programu unazotumia bado zitakuletea. Anza na njia isiyohitaji kupakua chochote. Fungua Mipangilio, ingia Mtandao na intaneti, kisha DNS ya Faragha. Chagua sehemu ya kuandika jina la mtoa huduma, uandike dns.adguard-dns.com, bila https mbele wala nafasi katikati, halafu uhifadhi. Kuanzia hapo, simu ikiulizia anwani ya seva ya matangazo haipewi anwani ya kweli, kwa hiyo tangazo halipakuliwi na bando lako haliliwi na video usizoziomba.

Ukikutana na Wi-Fi ya hoteli inayotaka uingie kwanza kupitia ukurasa wake, huenda ikagoma. Rudisha DNS kwenye Otomatiki, ingia, kisha irejeshe.

Matangazo ya YouTube hayazuiliki kwa njia hii, maana hutoka kwenye seva zile zile za video. Weka Firefox pamoja na kiongezi cha uBlock Origin, utazame humo.

Wengi watakushauri uruti simu ili utumie AdAway ya F-Droid. Mimi sikushauri: programu nyingi za benki hukataa kufunguka kwenye simu iliyorutiwa. AdAway hiyo hiyo ina hali ya VPN isiyohitaji kuruti, ila Android huruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja. Ukiwa na VPN ya kazini, baki na DNS.