Kiwanda cha mhunzi: anza na njia ya upepo

Ukiachiwa kiwanda cha mhunzi kilichozimika miaka mingi, kiwe uani mjini Bunia au kijijini upande wa Mahagi, usikimbilie nyundo na fuawe. Kutu yake itasuguliwa baadaye. Kinachokufa kwanza ni njia ya upepo, na bila upepo huna moto wa kufua chuma. Kabla ya kung'oa chochote, tafuta mzee aliyewahi kuvukuta. Jimbo la Ituri lina hazina hiyo: Waokebo, waitwao pia Wando, ndio waliowafulia Waalur chuma, na majembe yalitolewa hata mahari.

Mivukuto ya zamani ni vyungu au magogo mawili yaliyochongwa, yakafunikwa ngozi inayopandishwa na kushushwa kwa fimbo. Ngozi iliyokakamaa ibadilishe. Chukua ya mbuzi, ipake mafuta mpaka ilegee, kisha uifunge ikiwa na ulegevu wa kutosha kuinuka.

Hapa ndipo wanaoanza huharibu kazi. Utaona midomo ya mivukuto haikukazwa ndani ya mrija wa udongo unaoingia motoni. Kuna uwazi mdogo, na mrija wenyewe umepanuka upande huo. Wengi hudhani ni ufa, wanauziba. Usiuzibe! Mivukuto hii haina vali, hivyo ngozi ikipanda huvuta hewa kwa mdomo uleule inaotolea. Uwazi ule huiletea hewa baridi ya nje. Ukizibwa, mivukuto itanyonya joto la moto na ngozi itaungua.

Mrija uliopasuka usiutie viraka. Finyanga mwingine kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na vigae vilivyopondwa, uuache ukauke kivulini. Msimu wa mvua usiwe na haraka, maana unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke na kuupasua. Mawe ya mtoni nayo hupasuka hivyohivyo, yasikae karibu na moto.

Ezeka paa, kwa kuwa rangi ya chuma cha moto haisomeki juani. Chuma chekundu cha giza bado hakijawa tayari; ngoja kifike rangi ya chungwa. Kikirusha cheche nyeupe, kinaungua.

Springi za gari zilizovunjika hutoa visu na majembe mazuri, ila ukitaka kuzikaza kwa kuzichovya zikiwa za moto, tumia mafuta. Maji huweza kuzipasua. Chuma kilichopakwa zinki kiache, moshi wake ni sumu. Tena, nakusihi, vita vimeacha masalia ardhini Ituri. Kombora, risasi, au bomba lolote lililozibwa pande zote, hata liwe limeliwa na kutu, lisiingie motoni. Ukishuku kitu ni bomu, usikiguse. Toa taarifa kwa wakuu wa eneo.

Kazi ya kwanza iwe kulabu ya kutundikia sufuria, kwa kipande cha nondo. Utajifunza kuchonga ncha, kukunja na kukata kwa chuma kimoja tu.