Kompyuta ya Ofisi Ijibu Nini Asiyetakiwa Anapopiga Hodi?

Katika kompyuta za ofisi za parokia zimo orodha za yatima wanaolipiwa karo, majina ya wagonjwa wanaotembelewa nyumbani, na michango ya kila mfadhili. Watu hao walitupa habari zao kwa kutuamini. Ndiyo maana somo la robo hii linahusu ukuta-moto, yaani programu inayoamua mawasiliano yapi ya mtandao yaingie katika kompyuta, na hasa jinsi unavyowakataa wasiotakiwa.

Kompyuta ina milango ya mawasiliano zaidi ya 65,000, na kwenye intaneti kuna programu zinazobisha anwani moja baada ya nyingine kutwa kucha. Ukuta-moto hukataa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujibu kwamba hapaingiliki. Katika Linux huitwa REJECT. Ya pili, DROP, ni kulitupa ombi na kunyamaza. Anayejibiwa hujua papo hapo kuwa kuna kompyuta hai. Tena anwani ya mbishaji huweza kuwa ya kughushi, na jibu letu likaenda kumsumbua mtu asiyehusika. Kwa upande wa intaneti, basi, tunashauri kunyamaza. Ukuta-moto wa Windows hunyamaza wenyewe. Wa Linux unahitaji kuamuliwa.

Lakini kimya si maficho. Mtu akibisha anwani isiyo na kompyuta, mara nyingi ruta iliyo karibu humjibu kwamba hapo hapana kitu. Kwa hiyo kimya kitupu humwonyesha mjuzi kwamba kuna ukuta. Na mlango mmoja ukiachwa wazi, kama ule wa kufanyia kazi kutoka mbali, kimya cha mingine yote hakifichi kompyuta. Wauzaji wanaodai kwamba kompyuta "haionekani" wanatia chumvi.

Ndani ya ofisi mambo hugeuka. Mhasibu akikosea mlango wa seva naye akanyamaziwa, kompyuta yake hubisha tena na tena; ya Linux huweza kungoja zaidi ya dakika 2. Huko ukuta ujibu, ili kosa lijulikane mara moja.

Ukuta-moto pia unaweza kuweka kumbukumbu za anwani zilizokataliwa. Hizo nazo ni habari za watu. Zifutwe kila baada ya siku chache.

Fundi akimaliza, mwombeni abishe kwa kutumia intaneti ya simu, si mtandao wa ofisi. Akiwa ndani atapata majibu tofauti kabisa na yale anayopata mtu wa nje.