Kuikagua Lenzi Iliyotumika Kabla ya Kuilipia

Mpigapicha anayeanza kazi Midia, wilayani Koboko, hununua lenzi yake ya kwanza katika mazingira ambayo vitabu vingi vya upigapicha havikuyafikiria, kwa kuwa maduka makubwa ya lenzi mpya yako Kampala, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, na kinachomfikia kwa bei anayoimudu ni lenzi iliyotumika, ambayo aghalabu hupatanwa kwa simu na kutumwa kwa basi kupitia Arua. Hapo jina la kampuni halitoshi kuwa kipimo. Lenzi mbili za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, hutofautiana sana baada ya miaka michache kutegemea zilivyotunzwa, na kwa hiyo mnunuzi hana budi kuichunguza ile moja iliyo mbele yake.

Kabla ya ubora kuna kuoana. Kwa kawaida kila kampuni ina kiungio chake, yaani pete ya kushikizia lenzi kwenye kamera, na hata ndani ya kampuni moja mambo hutofautiana: lenzi za Canon za aina ya EF-S hazikutengenezwa kwa kamera zenye sensa kubwa ya ukubwa wa filamu, na kamera nyepesi za Nikon kama D3100 hazina mota ya kufokasi, hivyo lenzi isiyo na mota yake yenyewe italazimika kufokasiwa kwa mkono.

Lenzi ikishaonekana inaoana, ifunguliwe vifuniko vyote viwili na imulikwe kwa tochi ya simu kutoka nyuma, huku ikiinamishwa polepole. Wanunuzi wengi huogopa chembe za vumbi, jambo linaloeleweka mahali ambapo njia za muramu hupaka kila kitu wekundu wakati wa kiangazi. Lakini chembe chache zilizoingia ndani hazionekani pichani, na ni kosa kuikataa lenzi nzuri kwa ajili yake. Cha kuogopwa ni kuvu, ambao huota mahali penye unyevu na giza, kama ndani ya begi lililofungwa msimu mzima wa mvua, nao hutambulika kwa nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui. Kuvu hula tabaka la kioo linalozuia mng'ao, na hata ukisafishwa huweza kuacha alama. Ukungu mweupe uliotanda sawasawa juu ya kioo cha ndani nao ni kasoro kubwa, kwani hufifiza picha yoyote inayopigwa kuelekea dirishani. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma hudhuru kuliko wa kioo cha mbele. Skrubu zilizochubuka vichwani zinaonyesha kwamba lenzi imewahi kufunguliwa, na fundi aliyeifungua huenda hakuvirudisha vioo mahali pake barabara.

Kasoro hiyo ya vioo kukaa upande haionekani kwa tochi, bali kwa picha. Kamera iwekwe juu ya meza au mguu wa kamera, ikabili moja kwa moja ukuta wa matofali ya kuchoma usiopigwa lipu, kisha ukuta upigwe picha mara mbili: kwanza tundu, yaani uwazi unaopitisha mwanga, likiwa limefunguliwa kabisa, na halafu likiwa f/8, ambapo lenzi nyingi huwa kali. Pembe zote nne zikififia kidogo kwa uwazi mkubwa na kukaza kwenye f/8, hali ni ya kawaida. Pembe moja ikibaki na ukungu huku nyingine tatu zikionyesha kila tofali, kamera igeuzwe juu chini na picha irudiwe. Ukungu ukihama pamoja na kamera, ukuta hauna hatia, na lenzi hiyo haifai hata ikipunguzwa bei nusu. Mstari wa zambarau kwenye kingo za majani ya mwembe dhidi ya anga la mchana ni jambo dogo, maana programu za kompyuta huupunguza.

Kuhusu aina, lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 humfaa anayeanza kuliko ile ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera, ambayo ikivutwa mpaka mwisho hufikia f/5.6 tu. Tofauti ya mwanga hapo ni karibu mara kumi, na ndiyo inayoamua kama harusi inayoangazwa kwa balbu chache za jenereta itapigika bila flashi. Canon ilitoa toleo lake la STM mwaka 2015 likiwa na kiungio cha chuma, na hilo ndilo la kutafutwa badala ya lile la 1990 lenye kiungio cha plastiki.

Iwapo muuzaji yuko mbali, aombwe picha hizo za ukuta zikiwa zimetumwa WhatsApp kama dokyumenti, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na pembe zake hazisomeki tena. Na mapatano yaeleze wazi, kabla ya fedha kutumwa, kwamba mnunuzi atayarudia majaribio hayo siku ileile anayopokea mzigo, na nani atalipa nauli ya basi lenzi ikirudishwa.